Shule ni bure, na mwalimu je?

Kila mwanzo wa mwaka wa shule kuna maneno mawili yanayotembea sokoni, kwenye robine na kwenye mlango wa kanisa. La kwanza ni la mzazi: "Walituambia shule ya msingi ni bure, sasa hizi pesa wanazoomba ni za nini?" La pili ni la mwalimu: "Na mimi, watoto wangu nitawalisha nini?" Mara nyingi watu wa maneno hayo mawili wanagombana, na mtoto anabaki katikati na daftari lake.

Wiki hii tunataka kuyaweka maneno haya mezani pamoja. Katika vikundi vyetu kuna wamama wenye watoto shuleni, na kuna wamama wanaofundisha. Wengine ni vyote viwili. Kwa hiyo swali la mshahara wa mwalimu haliko mbali nasi, wala si la sendika na wakubwa wa Kinshasa peke yao.

Kwanza tujue tunapima na kipimo gani. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inasema katika kifungu cha 43 kwamba masomo ya shule ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali. Kifungu hicho wengi wanakijua. Lakini kuna kingine, cha 36, ambacho hatukisikii sana. Kinasema kwamba serikali inamhakikishia mfanyakazi malipo ya haki, yanayomtosha yeye na jamaa yake kuishi kwa heshima ya mtu, tena na ulinzi mwingine kama pensheni ya uzee. Kifungu cha 43 ni cha mtoto, cha 36 ni cha mwalimu. Katika nchi yetu cha kwanza kilianza kutembea, cha pili bado kinachechemea. Shida nyingi tunazoziona kwenye shule za watoto wetu zinatoka hapo.

Tulifikaje hapa

Wamama wenye umri wanakumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa Zaire, bei zilikuwa zinapanda kila siku na mshahara wa mwalimu ukageuka karatasi tu. Walimu waligoma, na shule zikafungwa miezi mingi. Ili watoto wasipotee, wazazi na wasimamizi wa shule wakakubaliana kwamba kila mzazi atatoa kitu kidogo cha kumtia mwalimu moyo. Pesa hiyo tukaiita primu.

Ilikuwa dawa ya muda, lakini ilikaa karibu miaka thelathini. Mzazi akawa ndiye anayemlipa mwalimu, na serikali ikazoea. Mtoto ambaye mama yake hakupata pesa alifukuzwa darasani. Na nyumbani pesa ilipokuwa kidogo, mara nyingi msichana ndiye aliyebaki kwanza ili kaka yake asome. Hayo tunayajua, kwani wengine wetu ndio tuliobaki.

Katika miaka hiyo serikali ilitoa ahadi zake pia. Mwezi wa pili 2004, kule Mbudi, Kinshasa, serikali na sendika za watumishi walikubaliana kwamba hata mtumishi wa cheo cha chini kabisa apate dola 208 kwa mwezi. Miaka zaidi ya ishirini imepita, na hadi leo sendika zinapozungumza jina la Mbudi linarudi, kwa sababu mapatano yale hayakutimizwa yote.

Mwezi wa tisa 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kutimiza shule ya msingi ya bure nchi nzima. Watoto wengi sana waliokuwa nyumbani, mashambani na kwenye machimbo walirudi shuleni. Mwaka uliofuata, 2020, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kusaidia kazi hiyo. Jambo hilo lilikuwa jema, na hakuna mama anayetaka turudi nyuma.

Lakini siku primu ilipoondolewa, hesabu ya walimu haikuwa moja. Mwalimu wa kijijini, aliyekuwa anapata primu ndogo au kuku mmoja kwa mwezi, aliona mshahara wa serikali ukiongezwa na akafurahi. Mwalimu wa shule kubwa ya mjini, ambaye primu yake ilikuwa inapita mshahara, aliona mfuko wake unapungua. Tena zamani mwalimu wa Kinshasa alilipwa zaidi kuliko mwalimu wa cheo kilekile huku kwetu, na kuondoa tofauti hiyo kulikuwa mojawapo ya ahadi za shule bure. Ndiyo sababu ukiuliza walimu wawili kama shule bure iliwasaidia, mmoja atasema ndiyo na mwingine atasema hapana, na wote wawili wanasema kweli.

Mshahara: tufanye hesabu ya jikoni

Sisi wamama tunajua hesabu kuliko mawaziri wengi, kwa kuwa tunaifanya kila asubuhi na pesa iliyo kwenye kona ya kitenge. Basi tuchukue mfano. Sema mwalimu anapata franga 300 000 kwa mwezi, na nyumbani wako sita: yeye, mwenzake na watoto wanne. Gawanya kwa siku 30: ni franga 10 000 kwa siku. Gawanya tena kwa watu sita: hazifiki franga 1 700 kwa mtu, kwa siku nzima.

Sasa weka hapo bei za soko lako wewe mwenyewe: unga, sombe, ndakala, mafuta, chumvi, makala. Halafu ongeza nyumba ya kupanga, sabuni, maji, dawa ya malaria. Ongeza pia minervali, kwa sababu shule bure ni ya msingi. Mwalimu mwenye mtoto kwenye sekondari analipa minervali kama sisi wote. Anafundisha watoto wetu bure, halafu wa kwake anarudishwa nyumbani kwa deni. Fanya hesabu hiyo katika kikundi chenu mkutano ujao, na mwone kama mwezi unafika mwisho.

Mwezi wa tisa 2024, wakati shule zilipofunguliwa, walimu wengi waligoma, na huko Kivu ya Kusini mgomo ulikuwa mrefu. Sendika ziliomba dola 500 kwa mwezi. Watu wengine walicheka na kusema hiyo ni ndoto. Lakini ukiigawanya dola 500 kwa watu sita na siku thelathini, haifiki dola tatu kwa mtu kwa siku. Aliyecheka ajaribu kuishi nayo.

Tena, mshahara si hesabu yake tu, ni siku yake pia. Pesa ikichelewa wiki tatu, mwalimu anakopa. Akikosa ndugu wa kumkopesha anaenda kwa wale tunaowaita Bank Lambert, anayekupa leo franga 100 000 na mwisho wa mwezi anataka 150 000. Mwezi unaofuata mshahara unaingia kwa mkopeshaji kabla ya kuingia kwenye sufuria. Mwalimu wa namna hiyo anasimama mbele ya watoto wetu na mawazo yake yako kwenye deni.

Na kuna njia ya kuufikia mshahara. Mjini mwalimu anapanga foleni benki. Kijijini hakuna benki: kwa miaka mingi ni Caritas ya Kanisa Katoliki iliyosaidia kupeleka mishahara sehemu nyingi. Kuna mwalimu anayetembea siku mbili kwenda na mbili kurudi, na siku hizo darasa halina mtu. Tangu mwanzo wa 2025, vita ilipofika Goma na Bukavu na benki zikafungwa, walimu wa huko nao waliona kwamba mshahara ulioandikwa si sawa na mshahara ulio mkononi.

Wale wanaofundisha bila mshahara

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Katika shule moja, kwenye ukuta mmoja, unaweza kukuta walimu wawili, mmoja analipwa na serikali na mwingine halipwi hata franga moja. Wote wanaingia saa moja na nusu, wote wana darasa, wote wanasahihisha madaftari. Tofauti ni namba.

Ili serikali ikulipe ni lazima uwe na namba ya matrikule, na jina lako liingie kwenye orodha ya malipo. Kazi hiyo ilikuwa ya ofisi iliyoitwa SECOPE, na leo inaitwa DINACOPE. Mwalimu mpya anapelekewa darasa leo, karatasi zake zinaenda Kinshasa, na jibu linaweza kuchukua mwaka, miaka mitatu, hata zaidi. Wakati huo anaitwa NU au NP, yaani yule ambaye bado hajalipwa. Zamani primu ya wazazi ilikuwa inagawanywa na yeye alipata kidogo. Shule ilipokuwa bure, mlango huo ulifungwa mbele ya uso wake.

Basi anakula nini? Anaishi kwa jamaa, anauza krediti ya simu, analima shamba la mtu, au anaendesha pikipiki mchana kutwa baada ya darasa. Wengine wanaacha, na shule inatafuta kijana mwingine aliyemaliza sekondari mwaka jana, asiye na njia nyingine. Mama, kama mtoto wako alibadilishiwa mwalimu mara tatu kwa mwaka mmoja, huenda ni kwa sababu hiyo. Si uvivu wa mtoto kama hajui kusoma.

Hapa ndipo udhalimu ulipo wazi kabisa. Kuhusu kiasi cha mshahara watu wanaweza kubishana. Lakini kumfanyisha mtu kazi miaka mitatu bila kumlipa, hakuna hesabu inayoweza kuiita haki.

"Mbona wanafanya kazi nusu siku?"

Neno hili tunalisikia sana, na tulijibu kwa utulivu. Watu wanasema: mwalimu wa msingi anaingia asubuhi, saa saba amekwisha kutoka. Ana konje ya Noeli, ana konje ya Pasaka, ana konje kubwa ya miezi miwili. Mama anayeuza ndizi anakaa juani hadi jua linazama, na hana konje. Kwa nini tumhurumie mwalimu?

Ni kweli kwamba mama wa soko anafanya kazi nyingi, na hakuna anayemlipa konje. Lakini saa za mwalimu tunaziona nusu tu, kwani nusu nyingine inafanyika nyumbani. Tuchukue darasa la watoto 70, kwani tangu shule bure ianze darasa la namna hiyo si ajabu, na kuna madarasa yanayopita 100. Mwalimu akitoa zoezi moja la hesabu na akatumia dakika mbili kwa kila daftari, ni dakika 140, yaani saa mbili na dakika 20. Akitoa na zoezi la Kifaransa, inakuwa saa nne na dakika 40, usiku, kwa taa ya simu. Bado hajatayarisha masomo ya kesho, na mkaguzi akija atauliza matayarisho yaliyoandikwa, somo kwa somo. Mwisho wa kila kipindi kuna pointi na bilteni za watoto wote. Na shule nyingi zinafundisha hata siku ya posho.

Kwa mwalimu mwanamke ongeza ile kazi isiyoandikwa popote. Anatoka darasani, anapitia sokoni, anachota maji, anapika, anaogesha watoto, na madaftari yanamngoja hadi wote walale. Wengine wanafundisha zamu mbili, darasa moja asubuhi na lingine mchana, kwa sababu majengo hayatoshi.

Kwa hiyo jibu letu kuhusu saa ni hili: mwalimu anayefanya kazi yake sawasawa hafanyi nusu siku. Na yule anayefanya nusu siku kweli, asiyesahihisha wala kutayarisha, mara nyingi ni kwa sababu nusu nyingine ameiuza mahali pengine ili ale. Konje nayo isituzibe macho. Konje kubwa inapoanza, mwalimu anajua kwamba mwezi wa tisa utafika na sare na minervali za watoto wake, na wengi wanaitumia kulima.

Ugonjwa, uzazi na uzee

Mshahara ni sehemu moja tu ya haki ya mfanyakazi. Je, akiugua? Kuna mutuelle ya afya ya walimu, MESP, iliyoanza Kinshasa na kufika miji mingine. Pale inapofanya kazi vizuri, mwalimu na jamaa yake wanatibiwa, na ni msaada mkubwa. Lakini mwalimu wa kijiji kilicho mbali na mji anakuwa na haki isiyo na hospitali ya kumpokea. Mtoto wake akipata homa usiku, anauza mbuzi kama sisi.

Uzazi sasa. Sheria ya kazi ya nchi yetu ya mwaka 2002 inampa mama mfanyakazi wiki 14 za kupumzika kwa ajili ya kuzaa, na katika muda huo anapata theluthi mbili za malipo yake. Akirudi kazini na ananyonyesha, ana haki ya kupumzika mara mbili kwa siku, nusu saa kila mara, ili anyonyeshe. Sheria hii inamhusu pia mama anayefundisha katika shule ya mtu binafsi. Wamama wengi wanaofundisha katika shule hizo hawajawahi kuambiwa. Kuna wanaofichaficha mimba hadi mwezi wa saba kwa kuogopa kufukuzwa, na wanaorudi darasani kitovu cha mtoto hakijakauka. Mama mwalimu unayesoma habari hii, haki hiyo ni yako, na mwenye shule hakupi zawadi akikupatia.

Kwa mama wa shule ya serikali kuna tatizo la namna nyingine. Anaenda kujifungua, lakini hakuna mtu anayetumwa kushika darasa lake. Direkta anaunganisha madarasa mawili, au mama mwenyewe anamtafuta kijana wa kumshikia na kumlipa kutoka mfuko wake. Pumziko la uzazi linageuka gharama.

Mwisho ni uzee. Umewahi kujiuliza kwa nini mtoto wako anafundishwa na mzee ambaye macho yake hayaoni tena ubao? Wengi wanangoja pesa yao ya mwisho wa kazi. Wanajua wakiondoka bila hiyo, kurudi kuidai ni safari ndefu ya ofisi na ofisi. Leo kuna kasha la pensheni la watumishi wa serikali, CNSSAP, na kuna waliokwisha kupata retreti yao kwa njia hiyo. Wengine bado wako darasani na fimbo ya kutembelea. Mzee aliyefundisha miaka arobaini, aliyetufundisha sisi na watoto wetu, hastahili kumaliza kwa kuombaomba.

Haki ni ya pande mbili

Tukisema mwalimu anaonewa, hatusemi kwamba mwalimu hakosei. Kuna mwalimu anayeuza pointi. Kuna anayewatuma watoto kulima shamba lake saa za masomo. Kuna anayefundisha nusu ya somo asubuhi, halafu anaiuza nusu nyingine jioni kwa jina la kurudilia masomo. Kuna mambo mabaya zaidi, yale wanayofanyiwa wasichana ili wapite darasa, na hayo si ya kusamehewa kwa kisingizio cha mshahara mdogo. Umaskini unaweza kumfanya mtu akope. Haumpi ruhusa ya kumgusa mtoto.

Kuna pia zile pesa zinazorudi shuleni kwa majina mapya: mchango wa mlinzi, wa karatasi za mtihani, wa bilteni, wa choko. Tufanye hesabu tena. Darasa la watoto 70, kila mmoja akileta franga 2 000 kwa mwezi, ni franga 140 000. Shule yenye madarasa kumi kama hilo inakusanya 1 400 000. Nani aliandika? Nani alipokea? Mwalimu asiye na matrikule alipata ngapi, na ngapi zilipanda kwenda ofisi za juu? Mara nyingi mzazi anamkasirikia mwalimu aliye mbele yake, na kumbe yeye hakuona hata franga moja.

Ndiyo sababu tunasema hili: pesa ambayo serikali haikumlipa mwalimu haipotei hewani. Mama anailipa kwa jina lingine. Anailipa kwa michango isiyo na risiti, kwa masomo ya jioni, kwa mwezi wa mgomo ambapo anafunga meza yake sokoni ili aangalie watoto. Anailipa pia kwa mtoto wa darasa la nne asiyeweza kusoma barua ya bibi yake. Mshahara mdogo wa mwalimu ni kodi tunayotozwa bila kuambiwa.

Vikundi vya wamama vifanye nini

Hatuna nguvu ya kuongeza mshahara. Lakini hatukosi nguvu kabisa, na kuna mambo yaliyo mkononi mwetu.

La kwanza, tuingie mahali panapoamuliwa. Shule inatakiwa kuwa na Komite ya Wazazi, COPA, na baraza la usimamizi, COGES, ambamo wazazi wana nafasi. Mara nyingi sisi ndio tunaokuja kwenye mikutano, lakini wanaoandikwa kwenye komite ni wababa. Mwaka huu kila kikundi kipeleke angalau mama mmoja anayejua kusoma hesabu, na asimame kuchaguliwa. Huko aulize pesa za kuendesha shule zilizotumwa na serikali zilikuwa ngapi na zilifanya nini.

La pili, tuulize swali moja katika kila shule: walimu ni wangapi, na kati yao ni wangapi hawajapata matrikule, tangu mwaka gani? Tuandike jibu. Barua yenye idadi na miaka, iliyotiwa sahihi na wazazi 50, ina uzito kwa mkuu wa elimu wa eneo na kwa mbunge wetu kuliko malalamiko ya sokoni.

La tatu, kama wazazi wa shule fulani wanaamua kwa hiari yao kumsaidia mwalimu asiyelipwa, iwe wazi: iandikwe, isiwe lazima, mtoto wa asiye na kitu asifukuzwe, na mwalimu mwenyewe atie sahihi kwamba amepokea. Tena tuandike juu ya karatasi kwamba huo ni msaada wa muda, na deni ni la serikali. Tusisahau primu ilivyoanza. Nayo ilikuwa ya muda.

La nne, tuwafungulie walimu wanawake milango ya vikundi vyetu. Mwalimu aliye katika likelemba au muso hana haja ya kukimbilia Bank Lambert. Na mama anayetunza watoto wadogo wa jirani anaweza kumshikia mama mwalimu mtoto saa za darasa, wakalipana kwa makubaliano.

La tano, wakati wa mgomo tusimtukane mwalimu. Katiba yetu, katika kifungu cha 39, inatambua haki ya kugoma. Tumwambie wazi kwamba mtoto anaumia, tumwombe arudi mapema. Lakini sauti yetu kubwa tuielekeze kule ahadi zilikotoka.

Tarehe 5 ya mwezi wa kumi ni siku ya walimu duniani. Ilichaguliwa kwa sababu siku hiyo, mwaka 1966, mataifa yalikubaliana kule Paris juu ya haki na wajibu wa mwalimu, pamoja na kwamba malipo yake yalingane na ya watu wengine wenye masomo kama yake. Hapa kwetu tuna pia tarehe 30 ya mwezi wa nne, siku ya elimu, ambapo walimu wanaandamana kwa kitenge kipya. Ni vizuri kuwapigia makofi. Lakini kabla ya tarehe hiyo kufika tena, kila kikundi kilete mkutanoni majibu ya swali la pili hapo juu: shule gani, walimu wangapi, wangapi bila mshahara, tangu lini. Majibu yatakayofika kwetu tutayapanga shule kwa shule katika gazeti hili, bila kutaja jina la mwalimu yeyote, ili tujue tunadai nini na kwa niaba ya wangapi.